Zana za jeshi: fuata fedha, si idadi

Ndaga kaka. Umeuliza mbona serikali haitaji ni magari na zana ngapi za jeshi zimeshafika. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, kila kijiwe kina jibu lake, ila idadi hutaambiwa, hiyo ni siri. Wewe fuata fedha: bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) husomwa bungeni Dodoma kila mwaka. Linganisha zilizoidhinishwa na zilizotoka Hazina, pengo lake laweza kuchelewesha manunuzi. Na usisahau ile rada ambayo serikali yetu ya Tanzania iliinunua kwa pauni milioni 28 kutoka BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza! BAE walikiri mahakamani Uingereza mwaka 2010 kwamba hawakutunza hesabu za biashara hiyo sawasawa, na pauni milioni 29.5 zikarudi nchini, zikanunua vitabu na madawati (labda hata la mwanao).