Maswali Yenu: Kinu cha maji cha babu

SWALI: Babu alituachia kinu cha maji cha kusagia mahindi kando ya mto. Gurudumu la mbao limeoza, mfereji umefukiwa, mawe yapo. Tuanze kuchonga gurudumu? *Wajukuu, Murang'a*

JIBU: Hapana, gurudumu liacheni kwanza. Zibueni mfereji, kisha mpime maji mwezi wa Februari yakiwa yamepungua. Pimeni mita 10 zilizonyooka, tupeni chungwa, hesabuni sekunde. Mfereji ukiwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30, chungwa likatumia sekunde 14, mna kama lita 100 kwa sekunde (tumeshapunguza, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini). Yakianguka mita 3 juu ya gurudumu la mbao, mtapata karibu kilowati 1.7. Hizo zinatosha jozi moja ya mawe. Mashine ya nyundo za chuma msiiwaze.

Mfereji kuwa wa zamani si ruhusa. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchepusha mto.

Sasa mawe. Jiwe la upana wa mita moja na unene wa sentimita 25 lina uzito wa nusu tani, kwa hiyo liinueni kwa winchi ya mnyororo, si kwa mabega ya vijana. La chini lilazeni sawa kwa pimamaji. Pakeni rula ndefu ya mbao udongo mwekundu, ipitisheni juu ya jiwe: paliposhika rangi ndipo palipoinuka, pagongeni. Mifereji ya jiwe ichongwe upande mmoja wima, wa pili uteremke taratibu. Mkishayapandanisha, nafasi karibu na tundu la kati iingie punje. Ukingoni ibaki unene wa karatasi ya kaki.

Gurudumu jipya liwe la mtarakwa, ambao hauozi upesi. Kinu kikisimama, ligeuzeni nusu mzunguko kila siku. Upande mmoja ukinyonya maji peke yake, gurudumu litaenda kwa kuruka na kuvunja meno ya gia.

SWALI: Unga wetu unatoka moto, na ugali una mchanga. *Msomaji, Nyeri*

JIBU: Moto maana yake mawe yamebanana mno au yamekuwa butu. Mchanga ni mawe yaliyogusana: mahindi yameisha na jiwe bado linazunguka. Fungeni lango la maji kabla kapu la mahindi halijakauka. Baada ya kuchonga, kilo 10 za kwanza wapeni kuku, changarawe haiwadhuru.

Mahindi mabichi nayo huziba mifereji ya jiwe. Tieni kiganja cha mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, mtikise. Chumvi ikigandia kioo, rudisheni mahindi juani.