Maswali na Majibu: Gari Linapopotea Kwenye Ramani Kati ya Majengo Marefu

SWALI: Ninasimamia magari ya mizigo yanayofanya kazi mjini. Yakiingia kati ya majengo marefu, kifaa cha GPS huyaonyesha yakiwa barabara ya pili, na ndani ya handaki alama ya gari husimama kabisa. Je, nikifunga antena yenye nguvu zaidi, tatizo litaisha?

JIBU: Antena iliyofungwa vizuri juu ya paa itasaidia, hasa ikiwa kioo cha mbele kina utando wa chuma wa kuzuia joto, kwani utando huo hudhoofisha mawimbi. Hata hivyo, haitamaliza tatizo, kwa sababu kinachosumbua zaidi kati ya majengo marefu ni mawimbi yanayodanganya. Kipokezi hupata umbali wake na setilaiti, iliyo juu takriban kilomita 20,200, kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia njiani. Mawimbi yakigonga ukuta kwanza na njia yao ikaongezeka mita 30, yatachelewa kwa sehemu moja tu ya kumi ya maikrosekunde (maikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), lakini kipokezi kitazihesabu mita hizo kana kwamba ni umbali halisi. Antena yenye nguvu zaidi huyakuza na hayo yaliyopotoka.

Kipokezi kinachosoma GPS pamoja na mifumo mingine ya setilaiti, yaani Galileo, GLONASS na BeiDou, na kinachotumia kwa pamoja masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti, L1 na L5, hutenganisha vizuri zaidi mawimbi ya moja kwa moja na yaliyorudishwa na kuta. Ni hatua nzuri, ila ndani ya handaki hakifui dafu.

Kwa magari yako ningechagua kifaa kinachoendelea kukadiria mahali kwa kutumia jairoskopu (kihisi kinachopima jinsi gari linavyogeuka) na mzunguko wa magurudumu, kisha kikajisahihisha setilaiti zinapoonekana tena. Ubora wake hutegemea sana ufungaji, na hapa ndipo mafundi wengi hulegea. Kifaa kikaze kwenye sehemu isiyotikisika, kamwe kisiachwe kining'inie kwa nyaya nyuma ya dashibodi, kwa sababu kosa la nyuzi moja katika mwelekeo huliweka gari pembeni kwa mita 17 hivi baada ya kilomita moja. Waya wa gia ya kurudi nyuma nao uunganishwe, la sivyo kila gari linaporudi nyuma kupakia mzigo, hesabu italisogeza mbele. Umeme wa kifaa usikatike gari linapozimwa, maana likilala kwenye maegesho ya chini ya ardhi kifaa kitahitaji kukumbuka mahali lilipo na mwelekeo wake. Tairi zikibadilishwa, gari liendeshwe kwanza mahali peupe penye kona kadhaa ili kifaa kijipime upya, kwa kuwa tofauti ya asilimia 1 katika kipenyo cha gurudumu ni kosa la mita 10 kwa kila kilomita.

Kabla ya kumlipa fundi, na baada ya kifaa kumaliza kujipima, mwombe achomoe waya wa antena huku gari likitembea, kisha mzunguke mitaa michache yenye kona. Zima kwanza mpangilio unaoivuta alama ya gari kwenye barabara iliyo karibu, kwa kuwa huficha makosa. Mstari wa safari kwenye ramani ukifuata kona mlizopita, ufungaji ni mzuri. Mstari huo ukienda upande mmoja tangu kona ya kwanza, mwambie akague jinsi kifaa kilivyokazwa kabla ya kugusa kitu kingine.