Dada yangu aliuliza chakula kitaletwa saa ngapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mfupi ambao bado haujanitoka kichwani. Baada ya salamu, alisema kwamba mtu anayelipa mshahara wa wiki mbili kwa mlo mmoja ama ana fedha za kuchezea au ana akili za kuchezewa, kwa kuwa chakula kikishapita kooni hakuna anayejua kilipikwa na nani. Sikumjibu siku ile. Kusema kweli niliumia, na sababu si ukali wa maneno yake, bali ni kwamba yalinifikia siku kumi na mbili tu baada ya jioni ambayo nilitumia fedha nyingi mezani kuliko siku nyingine yoyote maishani mwangu, kisha nikarudi nyumbani nikiwa sina la kujivunia.

Makala hii ni jibu langu kwake. Ni jibu pia kwenu nyote mnaotamani kile ninachokitamani mimi, yaani kukaa walau mara moja mbele ya kazi ya mpishi mkubwa na kuona tofauti iko wapi.

Mimi si tajiri. Ni mwajiriwa wa kawaida anayeweka akiba, na katika miaka tisa nimeketi kwenye meza za namna hiyo mara kumi na moja. Kila mara nilikuwa na daftari dogo mfukoni, na kila sahani niliiandikia sentensi mbili au tatu kabla ya kulala. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sizungumzi kwa kusikia.

Mara ya kwanza niliaibika kabla sijala chochote. Niliinuka kwenda kunawa, na niliporudi nikakuta kitambaa nilichokiacha kimejikunja ovyo kwenye kiti kimekunjwa upya na kuwekwa kando ya sahani, kikiwa kimenyooka kama barua. Nikadhani wananiaga. Nilisimama pale nikiwa na koti mkononi hadi mhudumu aliponisogezea kiti kwa upole, na nikaelewa kwamba hiyo ndiyo heshima yao kwa mgeni. Baadaye ikaletwa karoti. Karoti moja tu, nyeusi kwa nje, ikiwa peke yake kwenye sahani pana, na moyoni nikasema nimeibiwa. Nilipoikata, kisu kilizama bila kusukumwa. Ndani ilikuwa na rangi ya machungwa iliyokolea, na utamu wake haukuwa wa sukari, ulikuwa na moshi na chumvi na kitu fulani kinachofanana na nyama. Mhudumu aliniambia ilikaa kwenye moto mdogo kwa saa nyingi huku mtu akiipaka siagi kila baada ya muda. Nilikuwa nimekula karoti maisha yangu yote, lakini siku ile ndipo nilipoijua.

Watu wakiniuliza ni migahawa ipi ninayoipenda kuliko yote, huwa nasita kidogo, kwa sababu mitatu iliyo juu kabisa ya orodha yangu sijawahi kuikanyaga. Naupenda Osteria Francescana wa Modena, Italia, kwa ajili ya kitindamlo kimoja. Takahiko Kondo, mmoja wa wapishi wake, aliangusha pai ya limau iliyokuwa karibu kupelekwa mezani, na Massimo Bottura, mpishi mkuu na mwenye mgahawa, badala ya kufoka, akautazama uharibifu ule na kuamua kwamba tangu hapo pai hiyo ipelekwe ikiwa imevunjika kwa makusudi. Naupenda Alinea wa Chicago, uliofunguliwa mwaka 2005, kwa ajili ya mpishi wake Grant Achatz, ambaye mwaka 2007 aligundulika kuwa na saratani ya ulimi. Tiba ilimpokonya uwezo wa kuonja, naye akaendelea kuliongoza jiko lake kwa kutegemea kumbukumbu na ndimi za wasaidizi wake, hadi ladha zilipoanza kumrudia moja baada ya nyingine, utamu ukitangulia. Wa tatu ni ule wa mpishi Jiro Ono mjini Tokyo, Japani, wenye viti 10 tu katika jengo la ofisi, chini ya ardhi, ambamo mgeni hula vipande vipatavyo 20 vya sushi, yaani tonge dogo la wali lenye samaki juu yake, kwa muda wa nusu saa hivi, kisha anaondoka. Humo hakuna mishumaa wala hotuba.

Msomaji wangu alidai pia kwamba nyota za Michelin, kile kitabu cha kuwaelekeza wasafiri kwenye migahawa bora, ni ulaghai wa kuwatenganisha matajiri na maskini. Hapo simkubalii. Kitabu hicho kilianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya matairi iliyotaka wenye magari wasafiri zaidi, na kwa hiyo wamalize matairi zaidi. Huo ni ujanja wa biashara, sikatai. Nyota ya kwanza ilikuja mwaka 1926, ngazi tatu zikafuata mwaka 1931, na maana yake imebaki ya kisafari: nyota mbili zinastahili uiache njia yako kidogo, tatu zinastahili safari ya peke yake. Lakini wakaguzi wake huja bila kujitambulisha, hulipa bili yao, na nyota hutolewa kwa kile kilicho kwenye sahani, si kwa zulia wala vinara. Mwaka 2016 vibanda viwili vya chakula cha bei nafuu nchini Singapore, kimoja cha tambi na kingine cha kuku na wali, vilipewa nyota moja moja. Aliyekula pale alilipa kidogo sana na akala chakula chenye nyota. Basi ubora na bei ni mambo mawili, na ninawasihi msiyachanganye kama nilivyoyachanganya mimi kwa miaka.

Kama ni hivyo, fedha zetu zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye mikono. Katika mgahawa mmoja nilikaa mahali ambapo jiko lilionekana kupitia kioo, nikamwona kijana mmoja akiwa ameinama na kibanio kama cha kung'olea nyusi, akipanga majani madogo juu ya vipande vya samaki. Alifanya hivyo sahani baada ya sahani tangu nilipoketi hadi nilipoletewa kahawa. Hakufanya kingine. Kwenye majiko kama hayo idadi ya wafanyakazi hukaribia idadi ya wageni, na wakati mwingine huizidi, na hapo hujaingiza bilauri, vitambaa, na meza zinazouzwa mara moja tu kwa usiku.

Hata kwa bei zile, hesabu mara nyingi hazikai sawa. El Bulli, mgahawa wa mpishi Ferran Adrià huko Hispania, iliyofungwa mwaka 2011, ilifunguliwa takriban nusu mwaka tu, na miezi iliyobaki ilitumika kubuni sahani mpya. Mgahawa wenyewe ulikula hasara, ukabebwa na vitabu, mihadhara na kazi nyingine za Adrià. Noma ya Copenhagen, Denmark, iliyoshika mara kadhaa nafasi ya kwanza katika orodha ya migahawa bora duniani, kwa miaka mingi ilitegemea wanafunzi wasiolipwa. Ilipoanza kuwalipa mwaka 2022 gharama zikapanda, na Januari 2023 mpishi wake René Redzepi akatangaza kwamba kuendesha mgahawa kwa mtindo ule hakuwezekani tena, kwa upande wa fedha na kwa upande wa utu. Habari ile ilinikera kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimewahi kuandika kwa majivuno kwamba bei kubwa ndiyo inayomlipa mpishi haki yake, kumbe zipo sehemu ambazo yule mwenye kibanio hakuwa akipata hata senti.

Sasa niikabili ile jioni.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenisomesha, na mwaka huu ametimiza miaka sitini. Niliweka akiba kwa miezi saba, nikapata nafasi katika mgahawa ambao sitautaja, kwa kuwa haukuwa na kosa lolote. Ndani ya teksi nilishindwa kujizuia, nikamwambia bei. Nilimwambia kwa kunong'ona, kama mtu anayetoa siri nzuri, nikingoja ashangae. Alishangaa kweli, lakini hakutabasamu. Alitazama dirishani hadi tulipofika.

Ilikuwa menyu ya sahani kumi na nne, ile ambayo mgeni hachagui kitu. Sahani ya kwanza ililetwa juu ya jiwe. "Mdogo wangu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hiki kinaliwa, au ni pambo?" Mhudumu alieleza kila sahani kwa dakika nzima, akitaja udongo, upepo wa baharini na utoto wa mpishi, na dada yangu, ambaye ni mtu wa adabu, aliweka uma chini kila mara ili amsikilize, kwa hiyo chakula kikapoa. Kwenye sahani ya sita aliniinamia tena. "Hivi chakula chenyewe kitaletwa saa ngapi?"

Nilikasirika. Ninakiri. Nilimjibu kwa mkato kwamba hicho ndicho chakula, na kwamba kuna watu wanasubiri miezi kupata kiti alichokikalia yeye. Akanyamaza. Baada ya hapo alikula kila kitu kwa utaratibu, kama mtu anayelipa deni. Kitu kimoja tu kilibadilisha uso wake, nacho ni supu ya kitunguu iliyoletwa kwenye kikombe kisichozidi ukubwa wa yai, rangi yake ikiwa ya chai iliyokolea na juu pakiwa hapana kitu. Aliinywa, akakiinamisha kikombe ili tone la mwisho limfikie, akachungulia ndani. Hakusema neno. Tulipofika nyumbani kwake alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akala kiporo akiwa amesimama.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria jaribio lililofanyika California na kuchapishwa mwaka 2008. Watu 20 walionjeshwa mvinyo wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Mvinyo mmoja ulirudiwa mara mbili kwa bei tofauti, mara dola 10 na mara dola 90. Walipoambiwa ni ghali walisema ni mtamu zaidi, na hawakuwa wakijidai, kwa sababu sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka zaidi. Bei ilikuwa kiungo. Mimi nimekuwa nikila kiungo hicho kwa miaka tisa bila kukitambua, na usiku ule nikadhani nikimpa dada yangu kitamkolea kama kinavyonikolea mimi. Kwake kiligeuka uchungu. Yeye bei aliipiga hesabu ya karo, ya paa, ya dawa, na hakuna supu inayoweza kushindana na hesabu hiyo. Ile haikuwa sherehe yake. Nilimpeleka ili anione nilipofika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ndugu msomaji, ni kwamba usimwambie mgeni wako bei. Usimwambie kabla, usimwambie baada, wala usimwachie bili aione. Kama huwezi kuinyamazia bei, fahamu kwamba unachonunua ni masikio ya kukusikiliza, na masikio yanapatikana kwa gharama ndogo zaidi. Nenda mchana panapowezekana, kwa sababu migahawa mingi ya namna hii hutoa menyu fupi na nafuu ya mchana kutoka jiko lile lile na mikono ile ile. Mvinyo unaochaguliwa kuandamana na kila sahani unaweza kukaribia kuongeza bili mara mbili, nao si lazima. Maji na bilauri moja vinatosha, na kesho yake utakumbuka ulichokula. Soma masharti ya kuahirisha kabla hujalipa amana, kwani baadhi yao hawarudishi kitu. Usikope kwa ajili ya tumbo. Na tuache tabia ya kuipiga picha kila sahani kana kwamba tutaulizwa ushahidi siku ya kiyama. Mpishi alipima joto la mchuzi ule kwa makini, nawe unauacha upoe ukitafuta mwanga. Chakula ni heshima. Anayekula ili aonekane amemdharau aliyepika, amemdharau aliyemkaribisha, na hata karoti ameidharau. Nimeyafanya yote hayo, ndiyo maana nayasema kwa ukali.

Je, inafaa kulipa? Kati ya meza zangu kumi na moja, nikipitia daftari bila kujionea huruma, nne nilizilipia kwa haki na ningezilipia tena kesho. Tatu kati ya hizo nilikwenda peke yangu, mchana, bila kumwambia mtu. Ya karoti ni mojawapo. Saba zilizobaki ninakumbuka zaidi niliyemsimulia kuliko nilichokila. Kwa hiyo msomaji wangu amepatia kwa saba na amekosea kwa nne, na ningefurahi kama angekubali matokeo hayo, ingawa najua hatakubali.

Jana jioni dada yangu alinipigia simu. Tulizungumza kuhusu afya, kuhusu watoto, kuhusu mvua, na nikangoja anikumbushe ile jioni ili niombe radhi nilizokuwa nimeziandaa. Hakuikumbusha. Tulipokuwa tunaagana akasema, "Ngoja kwanza. Ile supu ya kitunguu, yule kijana alisema wanakaanga kwanza au wanachemsha hivyo hivyo?" Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika kwamba vitunguu huchomwa na maganda yake hadi viwe vyeusi, kisha huchemshwa kwa moto mdogo usiku kucha. Nikamsomea. Kwa mbali nilisikia kisu kikigonga ubao.