Mume akikaa nyumbani kama mpangaji, tafuta cha kwako

Jamani mimi na baba Junior hatujagombana, na hiyo ndo shida yenyewe. Anarudi saa nne usiku, hotpoti ipo mezani, anakula huku anaperuzi simu, "asante mama Junior", huyoo kulala. Miaka mitatu sasa. Ukimuuliza kulikoni anasema amechoka, na kweli anachoka, sasa utagombana na mtu aliyechoka?

Nilihangaika. Nikasuka, nikanunua madera, nikapika pilau Jumanne, mwisho nikaanza kumpekua simu usiku. Sikukuta kitu, na niliumia zaidi, maana ningekuta mwanamke angalau ningejua pa kuanzia.

Kilichonitoa ni QT, ule mtihani wa maarifa. Mimi niliishia la saba, na ukifaulu QT ndo unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada nikakopa kikoba, kile chetu cha sanduku la kufuli tatu na kila ufunguo kwa mtu wake. Siku ya kwanza mwalimu kaita majina, kalitaja la kwangu yote matatu, mi kimyaaa, nishazoea mama Junior, mpaka dada wa pembeni akaniuliza kwani si wewe? Nilirudi nikalia jikoni wala sikuwa na huzuni.

Sasa mwenzangu, usianze kitu ili mume akuone, hatakuona utaacha wiki ya pili. Na usifiche. Mi nilimwambia Jumapili baada ya chai, nasoma jioni, chakula mtapasha, akasema sawa, basi. Pia darasani yupo kaka atakayekusikiliza vizuri, kuwa makini naye, moyo wenye njaa ukipewa karanga unaona pilau. (Kama kwako kuna kipigo hayo ni mengine kabisa, hapo nenda dawati la jinsia polisi, usiende kununua madaftari.)

Mnaniuliza ndoa imepona? Hapana. Ila juzi alikuta daftari langu la Baiolojia mezani, akafungua kwenye mchoro wa jino, akauliza umechora wewe hii? Nikamwambia ndio. Akaangalia kidogo, akarudi kwenye simu yake, na mi nikavuta daftari langu maana mtihani ni Novemba na hesabu bado zinanitesa.