Modi za kupamba mhusika: ziingie kwenye kifurushi au zibaki nje?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandaa kifurushi cha modi (nyongeza zinazobadili mchezo) za mchezo wa kompyuta wa Minecraft: Java Edition, chenye mashine, reli na safari za mbali. Nitakijaribu kwanza na wenzangu kwenye seva yetu, kisha nikiweke kwenye tovuti ya modi ya Modrinth ili yeyote akipakue. Baadhi ya wenzangu wananisihi niongeze modi za kubadili mwonekano wa mhusika, kama vile masikio, mikia, maumbo mapya ya mwili na nafasi ya kuvaa vazi la urembo juu ya deraya. Wengine wanasema hayo ni mapambo matupu yatakayokielemea kifurushi bila kuongeza chochote katika uchezaji. Niziweke au niziache?

JIBU: Ndugu msomaji, ziweke, lakini si zote, wala si zote kwa masharti yaleyale. Wenzako wanabishana kana kwamba modi hizi ni za aina moja, ilhali ziko ambazo hazigusi chochote zaidi ya kile kinachochorwa kwenye skrini ya mwenye nazo, na ziko nyingine zinazohifadhi data zake pamoja na ulimwengu wenyewe wa mchezo. Zile za kwanza unaweza kuziongeza leo na kuziondoa kesho bila mtu kupoteza hata kipande kimoja cha jiwe. Hizi za pili, ukishaziweka, utaishi nazo kwa muda wote ambao ulimwengu ule utaendelea kuchezwa.

Mfano wa zile nyepesi ni 3D Skin Layers, ambayo hulichukua tabaka la pili la skini (picha inayoufunika mwili wa mhusika) aliyonayo mchezaji na kulipa unene, na seva haihitaji kujua lolote juu yake. Ears nayo husoma maelezo ya masikio na mkia kutoka ndani ya faili ya skini yenyewe, katika pikseli ambazo mchezo hauzitumii, hivyo aliye na modi huyaona na asiye nayo huona skini ya kawaida tu. Sioni sababu ya kuzikataa modi za namna hii, mradi zinakwenda na toleo la mchezo ulilolichagua.

Cosmetic Armor Reworked ni habari tofauti. Modi hii humpa mchezaji nafasi nne za ziada za mavazi, ambapo deraya inayomlinda hubaki mahali pake huku wenzake wakiona lile vazi alilolichagua kwa ajili ya macho. Kwa kuwa nafasi hizo hubeba vitu halisi, ni lazima modi iwepo kwenye seva na kwenye kompyuta ya kila mchezaji, na siku utakapoiondoa, vitu vilivyoachwa humo havitafikika tena.

Pamoja na gharama hiyo, hiyo ndiyo ambayo ningeanza kuiweka kama kifurushi kingekuwa changu, na hapa ninatofautiana kabisa na wale wanaosema kwamba urembo hauongezi kitu. Katika Java Edition miili ya wachezaji ni ileile, na kinachowatofautisha hasa ni skini, yaani picha ya pikseli 64 kwa 64, pamoja na chaguo la mikono ya upana wa pikseli 4 au 3 lililoletwa na toleo la 1.8 mwaka 2014. Sasa fikiria kifurushi chako baada ya wiki kadhaa, wakati kila mtu ameshapanda ngazi zilezile za deraya na wote wamejifunika deraya ya netherite, ile ya ngazi ya juu, toka utosini hadi miguuni. Ile skini waliyoihangaikia imefunikwa karibu yote, na ukiwatazama wawili wakiwa upande wa pili wa kituo cha reli huwezi kujua nani ni nani mpaka usome jina lililo juu ya kichwa. Mapambo ya deraya yaliyokuja na toleo la 1.20 mwaka 2023 yamesaidia, ila hubadilisha nakshi tu na kuliacha umbo la deraya kama lilivyo. Mchezaji anayekaa miezi mingi ndani ya ulimwengu mmoja ana haki ya kutambulikana humo, na haki hiyo isidharauliwe eti kwa sababu haichimbi madini wala haizungushi gurudumu.

Modi za kubadili umbo zima la mwili zinahitaji uangalifu zaidi. Figura humruhusu mchezaji kutengeneza avata ya umbo lolote na kuiendesha kwa maandishi ya lugha ya programu iitwayo Lua, na wanaoiona ni wale tu walio na modi hiyo. Avata nzito ya mtu mmoja inaweza kuzichosha kompyuta za wote walio karibu naye, ndiyo maana Figura yenyewe ina viwango vya ruhusa ambavyo kila mtazamaji huvipanga kwa kila mchezaji. Ukiiweka, eleza jambo hilo waziwazi katika maelezo ya kifurushi. Chagua pia modi moja tu ya kubadili umbo, kwa sababu mbili zikigombania uchoraji wa mwili uleule, utaona mikono ikitoka mabegani vibaya au deraya ikielea hewani. Kabla ya kuitoa kwa watu, vaa deraya za modi nyingine zote zilizomo, ogelea, ruka kwa mabawa ya elytra, panda behewa, kisha utazame mkono wako kwa mtazamo wa nafsi ya kwanza. Kasoro nyingi hujitokeza katika matendo hayo.

Kuhusu wasiozitaka, jibu limo ndani ya mfumo wa kifurushi wenyewe. Katika faili ya modrinth.index.json, yaani orodha ya modi iliyomo ndani ya kifurushi, kila modi inaweza kutajwa kuwa ya lazima, ya hiari au isiyotumika, upande wa mchezaji na upande wa seva kila mmoja peke yake. Zile za kuonekana tu zitaje kuwa za hiari kwa mchezaji na zisizotumika kwa seva, na yule mwenye kompyuta dhaifu hatakuwa na la kulalamikia. Faili hiyo huelekeza mahali pa kupakua modi bila kuibeba modi yenyewe. Ukilazimika kuibeba ndani ya folda ya overrides, hakikisha kwanza kwamba leseni ya mwandishi wake inakuruhusu.

Ziache nje zile zinazofungua duka la mavazi ndani ya menyu ya mchezo. Kifurushi cha watu wote kisimsukume mtoto kwenye malipo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nilikwisha kuweka modi ya nafasi za mavazi, nami nataka kuiondoa wakati wenzangu wangali wanacheza. Nifanyeje?

JIBU: Watangazie siku yenyewe mapema, na umtake kila mmoja avitoe vitu vyake kwenye nafasi hizo na kuviweka sandukuni. Siku ikifika, izime seva, nakili folda nzima ya ulimwengu mahali pengine, kisha iondoe modi kwenye seva na utoe toleo jipya la kifurushi wakati huohuo, ili asiwepo mchezaji anayejaribu kuingia na orodha ya modi isiyolingana na ya seva. Nakala ile usiifute mpaka hata wale wanaoingia kwa nadra wawe wamerudi na kuthibitisha kwamba vitu vyao vipo.