Tripodi ndogo ya kukunja: pimeni mzigo kabla hamjatoa pesa

Wadogo zangu, kusi limeanza kuvuma na nawaona tena pale ukuta wa Forodhani, Unguja, jua likikaribia kuzama. Tripodi ya miguu ya kukunja, stendi ile ambayo miguu yake mitatu inapindwa na kuzungushwa kwenye kitu, imetanuliwa juu ya jiwe, kamera nzito imekaa juu yake, mwenyewe yuko hatua tano nyuma anaangalia vijana wanavyojirusha baharini. Roho yangu huwa mkononi mpaka mtu aishike kamera yake. Nawapenda sana, ndiyo maana naandika haya kabla hamjaenda dukani.

1. Anzeni na mizani. Weka juu yake kamera, lenzi yako nzito kuliko zote, betri, na maikrofoni kama unarekodi video. Kama nyumbani hakuna mizani, muombe mwenye duka la nafaka. Ukishajua uzito wa mzigo wako, soma namba ya tripodi. Kwenye GorillaPod, tripodi za aina hii za kampuni ya Joby, 1K, 3K na 5K ni kilo zinazobebwa. Ile ya 325 ni gramu, ya simu na kamera za mfukoni. Mimi sipandishi mzigo uliozidi nusu ya namba iliyoandikwa. Mwenye kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) na lenzi yake ya milimita 16-50 hafiki kilo moja, kwa hiyo 3K inamtosha kabisa na begi halitamlemea.

2. Namba ya kwenye boksi ni ya mzigo uliotulia wima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili limemgharimu mtu niliyekuwa namfundisha, na chanzo nilikuwa mimi.

Tulikwenda Nungwi kuwapiga picha mafundi wa majahazi. Kijana alikuwa amekodi lenzi ndefu ya milimita 70-200, ile nzito ya f/2.8, karibu kilo moja na nusu, na bodi yake, yaani kamera bila lenzi, ilikuwa inakaribia kilo. Jumla kilo mbili na nusu, tripodi yangu ya kilo tano. Aliniuliza, "Kaka, itahimili?" Nikamwambia itahimili. Akashika mguu mmoja, akaupinda, akaniuliza tena. Nikamjibu kwa ile sauti ya mkubwa aliyekwisha kusema, naye akanyamaza. Ile kola ya lenzi, pete yenye tundu lake la skrubu, alikuwa ameivua na kuiacha nyumbani. Niliona haipo, nikapita.

Basi skrubu ikaingia kwenye tundu la bodi, na lenzi yote ikabaki imetoka mbele bila kitu chini yake. Miguu miwili tuliikanyagisha ubao, mmoja tu tukauzungusha kwenye mrunda. Kwa muda kila kitu kilionekana kimetulia. Kumbe viungo vya juu kabisa, vile vinavyobeba kichwa, vilikuwa vinateleza taratibu, na lenzi inainama polepole kiasi kwamba ukiitazama moja kwa moja huoni. Kila ilivyoinama, uzito ulizidi kwenda mbele. Mguu wa nyuma ukanyanyuka. Mimi nilikuwa najifuta jasho.

Ilidondokea kwenye jiwe. Fundi aliyekuwa anachonga aliweka tezo chini na kusimama. Kijana aliiokota, akapuliza mchanga, akajaribu kuzungusha pete ya fokasi. Ilizunguka kidogo ikakwama. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Tulimlipa mwenye lenzi pamoja, na pesa ile ilikwisha kuuma zamani. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba aliuliza mara mbili. Mikono yake ilikuwa imeshahisi kitu ambacho mimi sikukihisi, na nilimfunga mdomo. Yeyote kati yenu akiniuliza jambo mara mbili, nasimama tunapima upya.

Kwa hiyo lenzi ndefu ifungwe kwa kola yake, ili uzito ukae juu ya kichwa. Mguu mmojawapo uelekezwe chini ya lenzi, upande uleule inakotazama. Na kola isiondoke kwenye lenzi mnaposafiri.

3. Tripodi hii inaazima nguvu ya kitu inachoshikilia. Kabla hujachagua ukubwa, fikiria utaifunga wapi. Nondo za dirisha, reli ya roshani, mrunda, tawi la mwembe: hivyo vinashikika, mguu unazunguka mara moja na nusu au zaidi na hautelezi. Mnazi uliokomaa usihangaike nao, mzunguko wa shina lake unazidi urefu wa miguu hiyo. Mji Mkongwe sisi tuna bahati ya baraza. Ukiiweka tripodi ndogo juu ya baraza unapata kimo kizuri cha kupiga mtaa usiku, taa zikiwaka na watu wakipita kama moshi. Lakini baraza ina wenyewe. Piga hodi, salimia, kaa kwanza. Kuna mzee mmoja wa bao aliyenisogezea kikombe chake cha kahawa ili miguu ipate nafasi, kisha akaniuliza picha itachukua muda gani. Sekunde kumi na tano, nikamwambia. Akawaambia wenzake wasitikise benchi, nao wakatii mpaka shata ilipofunga.

4. Dukani, ifunge kamera yako mwenyewe, inamishe kichwa mbele, usubiri dakika nzima. Ikishuka hata kidogo, irudishe. Zile za pweza, zenye waya ndani ya sponji, ni za simu. Waya hukatika ndani kwa kukunjwakunjwa na nje huoni kitu. Za viungo vya plastiki nazo hulegea kwa kutumika, kwa hiyo ya mtumba ijaribuni mara mbili. Kiungo kikichomoka, kibonyeze kitarudi.

5. Ukitoka pwani, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uianike kivulini. Msipake mafuta kabisa, viungo vinashika kwa kukwaruzana.

6. Skrubu ya kamera ni robo inchi karibu kwa kamera zote. Pleti, kile kibati kinachofungwa chini ya kamera, iwe ya mtindo unaoitwa Arca-Swiss ili iingie pia kwenye tripodi kubwa mtakayonunua baadaye, na sarafu ya kukazia skrubu yake ikae begini.

7. Taimari ya sekunde mbili, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, mikono mbali. Kidhibiti mtikisiko cha lenzi za zamani kizimwe. Mkanda wa shingoni usiachwe unapepea, upepo wa kusi ukiukamata unatikisa kamera nzima. Ufungeni kwenye reli uwe kinga ya mwisho miguu ikiachia. Kwenye boti ya kwenda Dar msiitoe hata begini. Injini inatetemesha kila reli, na tripodi itaupeleka mtetemo ule moja kwa moja kwenye picha. Pandisha ISO, bana viwiko kifuani, mwili wako utaunyonya mtikisiko kuliko chuma.