Kihariri kimegoma, au mkalimani hujamwita?

Mvua zimeanza, wa mwaka wa kwanza wameripoti vyuoni, na sanduku langu la barua limejaa swali moja lenye sura nyingi: mtu ameweka VS Code, kihariri cha kuandikia kodi, ameandika mstari wake wa kwanza, amebofya ile pembetatu ya kuendesha, na badala ya salamu amepata Kiingereza chekundu. Nimechagua barua nane. Nikisema kodi nina maana ya maandishi ya programu. Ya TRA na ya mwenye nyumba pelekeni kwingine.

Iyunga, Mbeya: Mwalimu, shikamoo. Nimepakua VS Code kwa bando la usiku, nikaandika print("Kamwene"). Nikiendesha inasema "Python was not found" na habari za duka la Microsoft. Nimeifuta VS Code na kuiweka upya mara tatu, na sasa bando limeisha. Nifanyeje?

Marahaba. Salamu yako inaonyesha umetoka upande wa Iringa, karibu Mbeya. Na pole kwa bando, maana limeteketea kwa kosa ambalo si lako peke yako.

VS Code ni daftari. Ni daftari zuri, linapaka maneno rangi na kukukumbusha mabano uliyosahau kufunga, lakini kusoma Python, lugha unayoandikia, halijui. Anayesoma ni mkalimani, programu nyingine kabisa inayoitwa Python, na inawekwa peke yake. Umenunua daftari mara tatu na mkalimani hujamwita hata mara moja.

Habari za duka zinatoka wapi? Tangu toleo la Windows 10 la Mei 2019, ndani ya Windows kuna kifaili kinachoitwa python.exe ambacho si Python. Ni kibao cha barabarani tu, kinachokuelekeza dukani kwa Microsoft. Ukimwita Python na hayupo, kibao ndicho kinachoitika. Ndiyo maana wengi wanaapa kwamba Python "ipo ila imeharibika".

Nenda python.org uchukue faili la kusakinisha la Windows. Ni kama MB 30 hivi, na likishakuwa mkononi halihitaji mtandao, kwa hiyo unaweza kulipata kwa flashi kutoka kwa mwenzako aliyelipakua hapohapo python.org. Usikubali la fundi wa mtaani ambalo hata yeye hajui lilikotoka. Ukilifungua, kabla hujabofya chochote, tazama chini ya dirisha: kuna kisanduku kimeandikwa "Add python.exe to PATH". Kitie tiki. PATH ni orodha ya mahali ambapo Windows hutafuta programu ikiitwa kwa jina, na kisanduku hicho hakijiwekei tiki chenyewe.

Ukimaliza, funga VS Code yote, kisha uifungue tena. Watu wengi huruka hatua hii. Terminali, kile kidirisha cha kuandikia amri, iliyofunguliwa kabla ya Python kuingia inabaki na orodha ya zamani, na itaendelea kukuambia haimjui mtu ambaye tayari yumo ndani ya nyumba. Halafu andika kwenye terminali:

py --version

Ukiona namba ya toleo, mkalimani amefika. Andika py salamu.py (au jina lolote ulilolipa faili lako) na Kamwene yako itatoka. Kile kiendelezi cha Python, yaani nyongeza ya VS Code, kinachohitaji bando kinaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi, terminali haikitegemei. Siku ukikiweka, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Python: Select Interpreter", uchague mkalimani wako. Kama kibao cha duka bado kinaitika, nenda kwenye Settings za Windows, tafuta "App execution aliases", uzime vile viwili vya Python.

Ukiniuliza mimi, mtu wa wiki ya kwanza ningempa Thonny badala ya VS Code. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza, na inakuja na Python ndani yake. Daftari na mkalimani katika mfuko mmoja. Lakini najua wahadhiri wenu wanataka VS Code, na wenzako watakucheka. Haya.

Mafinga: Habari za kazi, mwalimu. Mimi nasoma C. Kodi nimeinakili ubaoni herufi kwa herufi, main ipo, mabano yamefungwa. Gcc inalalamika "undefined reference to WinMain". Sijaandika WinMain popote!

Nzuri, binti. Tazama juu, pale penye jina la faili lako. Pembeni yake kuna alama ya x, au kuna kitone? Kama ni kitone, hujasevu.

Gcc, kompaila inayogeuza kodi ya C kuwa programu, haisomi kioo, inasoma diski. Wewe unaona mistari kumi iliyonyooka, yeye anaona faili tupu. Kwa kuwa tupu halina main, mlango wa kuanzia wa programu ya C, kompaila yenu ya Windows inakwenda kubisha mlango mwingine, WinMain, ambao ndio mlango wa kuingilia wa programu za Windows zenye madirisha. Napo hapana mtu. Basi inakulalamikia kuhusu mlango wa pili, wakati wewe hujui hata kama upo.

Nacheka kwa sababu kosa hili lilinila Jumamosi nzima nilipokuwa mwaka wa kwanza. Niliifuta gcc, nikaiweka tena, nikamlaani fundi aliyeiweka mwanzo. Kulikuwa na dada amesimama nyuma yangu anasubiri kiti, kompyuta zenyewe chache. Akaniambia, "Kaka, hebu sevu kwanza tuone." Programu ikaruka. Nilimwachia kiti bila kumwangalia usoni.

Ctrl+S kila mara, au fungua menyu ya File uweke tiki kwenye Auto Save. Umeme ukikatika VS Code hujitahidi kukutunzia ambacho hukusevu, ila inatunza kwenye ghala yake ya ndani. Kompaila haina ufunguo wa ghala hiyo.

Kihesa, Iringa: Shikamoo. Tulipewa zoezi la kuchora kwa kobe. Kodi yangu na ya rafiki yangu ni moja, nimelinganisha mstari kwa mstari. Yake inachora mraba. Yangu inasema "partially initialized module 'turtle' has no attribute 'forward'".

Marahaba. Sijaiona kompyuta yako, lakini nadhani faili lako umelipa jina turtle.py. Na la rafiki yako linaitwa kobe.py, au zoezi1.py, au chochote kingine.

Ukiandika import turtle, yaani ukimwita kobe wa kuchorea, Python huanza kutafuta katika folda lilimo faili linaloendeshwa, kabla ya kwenda kwenye maktaba yake. Inakuta turtle.py, inafurahi, inalichukua. Ni lako. Faili limejiita lenyewe, likaenda kutafuta forward ndani ya tumbo lake, halikuiona. Badilisha jina la faili na mraba utachorwa. Tangu toleo la 3.13 la mwaka 2024, ujumbe wenyewe unakushauri ubadilishe jina. Matoleo ya nyuma yanakuacha ukihangaika.

Jihadhari vilevile na random.py na calendar.py. Hayo ni mabaya zaidi, maana ukiyaacha kwenye folda yataharibu hata programu nyingine za folda hiyohiyo ambazo hazina kosa lolote.

Tukuyu: Kijana, mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Mjukuu ameniachia kompyuta yake ya zamani, Windows 7, nami nimeamua kujifunza. Python ya sasa inakataa kabisa kusakinika. Je, nimechelewa?

Shikamoo, mzee wangu. Hujachelewa, kompyuta ndiyo iliyochelewa, na dawa yake ipo.

Python kuanzia 3.9 haiingii Windows 7. Chukua 3.8.10 katika orodha ya matoleo ya zamani palepale python.org, hilo ndilo la mwisho katika 3.8 kutolewa na faili la kusakinisha la Windows. Kompyuta iwe na Service Pack 1, kifurushi cha masasisho ya Windows 7, la sivyo hata hilo litagoma. VS Code nayo iliacha Windows 7 baada ya toleo la 1.70 la mwaka 2022, lakini ningekushauri uachane nayo. Ndani ya Python kuna kihariri kidogo kiitwacho IDLE. Fungua faili jipya, andika, sevu, bonyeza F5. Basi. Kwa mtu wa hisabati ni kama kupewa ubao na chaki bila mapambo.

Mambo mawili ya kuangalia. Masomo mengine ya siku hizi yanatumia neno match, ambalo liliingia katika 3.10, kwako litatoa kosa, nalo si kosa lako. Na Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama Januari 2020, kwa hiyo mambo ya benki na pesa usiyafanyie humo. Hesabu zako za namba tasa zitakwenda vizuri tu, na ningependa kuziona.

Tunduma: Msimamizi wetu alituma kodi kwenye kundi la WhatsApp. Nimenakili na kubandika, inasema "invalid character '“' (U+201C)".

Alama za nukuu zimepinda. Simu na Word hupenda kuzipamba, Python inazitaka zilizonyooka. Zifute uziandike upya kwa kibodi ya kompyuta. Na msimamizi aombwe kutuma faili, si maneno.

Njombe: Programu yangu inamuuliza mtu jina lake. Swali linatokea, ila nikiandika jina haliingii, inasema "Cannot edit in read-only editor". Kibodi ni nzima.

Kibodi haina kosa. Unatumia kiendelezi cha Code Runner, nacho kwa kawaida humwaga majibu kwenye kidirisha cha Output. Kidirisha hicho ni cha kusoma tu, mfano wa tangazo ukutani: linakuuliza jina, lakini huwezi kulijibu. Ingia Settings za VS Code, tafuta "Run in Terminal" upande wa Code Runner, tia tiki. Ukiendesha tena, swali litatokea kwenye terminali, ambako unaweza kuandika. Kabla hujaendesha, zuia ile programu ya kwanza, maana bado imekaa inasubiri jina lako.

Mbalizi: Faili langu lipo, naliona kwa macho juu ya Desktop, linaitwa habari.py. Terminali inasema "No such file or directory". Nililiandika kwa Notepad.

Soma ule ujumbe wote, usiishie kwenye maneno mekundu. Ndani yake Python imetaja njia kamili ya mahali ilipotafuta, na nina hakika si Desktop. Terminali ina mahali ilipokaa, na inatafuta hapo tu. Katika VS Code tumia Open Folder, fungua folda zima lenye kazi yako, na terminali mpya itakaa humo.

Kuna la pili, kwa sababu umetaja Notepad. Windows huficha mwisho wa majina ya mafaili. Unaloliona kama habari.py huenda ni habari.py.txt. Fungua dirisha la mafaili, nenda View, washa "File name extensions", utaona ukweli. Kama .txt imo, ifute kwenye jina.

Uyole: Mwalimu, mimi ni mama, nauza viazi. Mwanangu yuko chuo mwaka wa kwanza. Anasema kompyuta niliyomnunulia "imekataa kodi", anataka nyingine ya milioni moja na nusu. Ni kweli?

Shikamoo, mama. Programu za mwaka wa kwanza ni mistari michache; faili lake zima ni dogo kuliko picha moja ya simu yako. Kompyuta dhaifu huwa nzito, inachelewa, inaganda. Kukataa na kuandika maneno mekundu ni jambo lingine, na karibu kila mara ni kitu hakijawekwa, au hakijaseviwa, au kimewekwa mahali pengine.

Kama kweli ni nzito, ulizia fundi bei ya kutoa diski ya zamani na kuweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Ni pesa ndogo sana ukilinganisha na kompyuta mpya, na tofauti ataiona siku hiyohiyo. RAM ya GB 4 inamtosha kwa VS Code na Python, mradi asifungue kurasa ishirini za intaneti kwa mpigo.

Ila kwanza mwambie akupigie picha ya kioo chote, maneno mekundu yakiwemo, akutumie. Ukikuta humo "Python was not found", mpe jibu nililompa mwenzake wa Iyunga, na hela ya viazi iendelee kukaa ilipokaa.